Philipp Lahm: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu beki mfupi aliyenyanyua Kombe la Dunia

Mjadala wa mabeki bora wa pembeni hauishi vijiweni, na jina la Philipp Lahm halikosi kutajwa. Waliomwona wanabishana alikuwa namba mbili (beki wa kulia), namba tatu (beki wa kushoto) au namba sita (kiungo mkabaji). Waliochelewa kuzaliwa wanashangaa mtu wa mita 1.70 aliwezaje kuwazuia mawinga wa dunia nzima kwa miaka kumi na tano. Majibu ya maswali yanayojirudia zaidi ni haya. Mengine ni mafupi kwa sababu hayana mengi, na mengine nimeyarefusha kwa sababu ndiyo yanayonipendeza.

Kwa kifupi, Lahm ni nani?

Ni beki wa Ujerumani aliyezaliwa Munich tarehe 11 Novemba 1983. Soka la wakubwa alilicheza kuanzia 2002 hadi 2017, karibu lote akiwa na Bayern Munich, ukiondoa misimu miwili aliyokaa VfB Stuttgart kwa mkopo. Timu ya taifa aliichezea mechi 113 na kuifungia mabao 5. Mwaka 2014 alinyanyua Kombe la Dunia kwenye uwanja wa Maracanã, Brazil, akiwa nahodha, wa nne kwa Wajerumani baada ya Fritz Walter (1954), Franz Beckenbauer (1974) na Lothar Matthäus (1990). Hao watatu walilichukua kwa jina la Ujerumani Magharibi, kwa hiyo Lahm ndiye nahodha wa kwanza kulinyanyua akiwa na Ujerumani iliyoungana.

Alianza kucheza wapi?

Mtaani kwao Gern, Munich, kwenye kaklabu ka jirani kanakoitwa FT Gern. Familia yake ilikuwa ya watu wa klabu hiyo, kwa hiyo utoto wake ulipita uwanjani. Mwaka 1995, akiwa na miaka 11, Bayern wakamchukua. Akapanda ngazi zote za vijana pale, na siku nyingine alikuwa miongoni mwa watoto wanaookota mipira pembeni mwa uwanja wa Olimpiki wakati wakubwa wanacheza. Mwaka 2001 na 2002 alikuwa kwenye kikosi cha vijana cha Bayern kilichotwaa ubingwa wa Ujerumani mara mbili mfululizo.

Mechi yake ya kwanza na timu kubwa ilikuwa tarehe 13 Novemba 2002 dhidi ya Lens ya Ufaransa, Ligi ya Mabingwa Ulaya, sare ya 3-3. Kocha Ottmar Hitzfeld alimwingiza dakika za nyongeza, na Bayern walikuwa wameshatolewa. Hakuna aliyerudi nyumbani usiku ule akimzungumzia yeye.

Ni kweli klabu zilimkataa kwa sababu ya ufupi?

Ndiyo, na anayeijua vizuri hadithi hii ni Hermann Gerland, kocha wa kikosi cha pili cha Bayern wakati huo. Gerland alikuwa mtu wa zamani, mkali na asiyesifu ovyo, lakini kwa Lahm alikuwa ameshaamua kwamba huyu ni mchezaji wa daraja la juu. Tatizo ni kwamba timu kubwa ilikuwa na Willy Sagnol kulia na Bixente Lizarazu kushoto, Wafaransa wawili waliokamilika. Kijana alihitaji mechi. Gerland akaanza kuwapigia simu watu wa klabu nyingine kumnadi, na majibu yakawa yale yale: mdogo mno, mwepesi mno, atasukumwa.

Felix Magath, kocha wa Stuttgart, ndiye aliyekubali, mwaka 2003. Kinachochekesha ni kwamba Magath alijulikana Ujerumani nzima kwa mazoezi ya kuvunja watu miguu, na ndiye aliyemfungulia mlango mchezaji ambaye wengine walisema hana mwili.

Mbona alicheza kushoto wakati mguu wake ni wa kulia?

Kwa sababu ya nafasi, si kwa sababu ya mbinu. Stuttgart walikuwa na Andreas Hinkel kulia, beki aliyekuwa tayari timu ya taifa. Magath akamwambia Lahm aende upande wa pili. Tarehe 1 Oktoba 2003 Stuttgart wakawafunga Manchester United 2-1 kwenye Ligi ya Mabingwa, na kijana huyo wa miaka 19 akiwa beki wa kushoto. Februari 2004 akaitwa timu ya taifa na kuanza dhidi ya Croatia, mjini Split, ushindi wa 2-1. Kutoka kukataliwa kwa simu hadi jezi ya taifa haukupita hata mwaka mmoja.

Ila ile bahati mbaya ya kupangwa kushoto ikazaa kitu. Beki wa kushoto mwenye mguu wa kulia hawezi kukimbia hadi kibendera cha kona na kumwaga krosi kwa urahisi, kwa hiyo hukata ndani. Lahm alikata ndani mpaka ikawa alama yake. Ukiyatazama mabao yake makubwa ya timu ya taifa utaona ni njia ile ile, anatoka kushoto kuingilia katikati. Baadaye, kuanzia enzi za kocha Louis van Gaal pale Bayern, alihamia kulia, ingawa Euro 2012 (Kombe la Ulaya kwa mataifa) kocha wa timu ya taifa, Joachim Löw, alimrudisha kushoto.

Kwa hiyo anayesema Lahm alikuwa namba mbili yuko sahihi, na anayesema namba tatu naye yuko sahihi. Jezi yenyewe ilikuwa 21 Bayern na 16 Ujerumani, kama ndicho unachouliza.

Lile bao la Costa Rica lilikuwaje?

Tarehe 9 Juni 2006, mechi ya ufunguzi wa Kombe la Dunia, mjini kwao Munich, dakika ya 6. Mpira unamkuta kushoto, anaingia ndani akimpita mtu mmoja, kisha anaupinda kwa mguu wa kulia kuelekea kona ya juu ya mbali. Unagonga nguzo kwa ndani na kuzama. Kipa aliruka kwa ajili ya picha tu.

Angalia mkono wake wa kushoto kwenye video. Umefungwa. Wiki chache kabla ya mashindano alikuwa ameumia kiwiko, akafanyiwa upasuaji, na watu wakadhani ndiyo basi. Alicheza mashindano yote bila kutolewa hata dakika moja. Ujerumani walishinda siku ile 4-2, wakafika nusu fainali, wakafungwa na Italia 2-0 dakika za mwisho kabisa za nyongeza pale Dortmund, kisha wakamaliza wa tatu kwa kuwafunga Ureno 3-1.

Wajerumani wanaikumbuka ile 2006 kama kiangazi cha furaha, na bao hilo ndilo lililoifungua furaha yenyewe. Binafsi naliweka juu ya mabao mengi ya washambuliaji wa mashindano yale.

Aliumia sana?

Kiasi, na kwa mafungu. Mwaka 2005 ulikuwa mbaya zaidi: Januari mfupa wa mguu ulipata ufa, akarudi, na Mei akachanika kano ya goti akiwa bado Stuttgart. Akarejea Bayern kwenye majira yale ya joto akiwa mgonjwa, na hakucheza hadi mwishoni mwa mwaka. Novemba 2014 akavunjika kifundo mazoezini na kukaa nje hadi Machi. Ukitoa hayo, alikuwa mtu wa kupangwa kila wiki.

Nusu fainali ya Euro 2008 dhidi ya Uturuki, alikuwa shujaa au mkosaji?

Vyote viwili, na ndani ya dakika nne.

Mechi ilikuwa Basel, Uswisi, tarehe 25 Juni 2008. Ujerumani wanaongoza 2-1. Dakika ya 86 Sabri Sarıoğlu anampita Lahm pembeni kama hayupo, anaingiza krosi ya chini, Semih Şentürk anawahi nguzo ya karibu na kusawazisha. Ukimtazama Lahm wakati ule anajua kabisa kosa ni la nani.

Halafu dakika ya 90. Lahm anapokea mpira upande wa kushoto, anapiga gonga na Thomas Hitzlsperger, anaingia ndani ya kumi na nane na kuutupia nyavuni karibu na nguzo. 3-2. Dunia ilikaribia kuukosa mchezo wote, kwa sababu dhoruba iliyopiga Vienna, kilikokuwa kituo cha kurushia matangazo, ilikata picha mara kadhaa kipindi cha pili. Bao la pili la Ujerumani, la Miroslav Klose, wengi hawakuliona likifungwa.

Siku nne baadaye, fainali na Hispania, hali ikageuka. Dakika ya 33 Xavi anapenyeza pasi, Lahm anaonekana kuuwahi mpira, anasita kidogo akimtegemea kipa Jens Lehmann, Fernando Torres anapita katikati yao na kuudokoa. 1-0, ikaisha hivyo. Lahm hakurudi uwanjani kipindi cha pili kwa sababu ya jeraha.

Nimelirefusha jibu hili kwa makusudi. Watu wakisema Lahm hakuwa akikosea, huwa wamesahau Juni ile.

Mbona Bayern walimpiga faini?

Novemba 2009 alifanya mahojiano na gazeti la Süddeutsche Zeitung bila ruhusa ya klabu. Hakutukana mtu. Alisema klabu inasajili wachezaji bila kwanza kuamua inataka kucheza mpira wa aina gani, na akazitaja Barcelona na Manchester United kama mfano wa klabu zenye mfumo unaoeleweka. Viongozi waliwaka. Klabu ikatangaza adhabu, na kwa maelezo yake yenyewe ilikuwa faini kubwa kuliko zote ilizowahi kumtoza mchezaji.

Msimu ule uliishaje? Bayern chini ya Van Gaal walichukua ligi na Kombe la Ujerumani, wakafika fainali ya Ligi ya Mabingwa na kufungwa 2-0 na Inter pale Madrid. Lahm naye hakupoteza kitu, kwa sababu mwaka 2011 Mark van Bommel alipoondoka, kitambaa cha unahodha kikaja kwake. Mwaka huo huo akatoa kitabu kilichowasema baadhi ya makocha waliomfundisha, na kelele zikaanza upya. Huyu mtu sura yake ya upole iliwadanganya wengi.

Unahodha wa timu ya taifa aliupataje? Alimpindua Ballack?

Michael Ballack, aliyekuwa nahodha wa Ujerumani, aliumizwa kwenye fainali ya Kombe la FA la England mwezi Mei 2010, faulo ya Kevin-Prince Boateng, na akaikosa safari ya Afrika Kusini. Löw akampa Lahm kitambaa kwa muda. Timu ikacheza soka ambalo hakuna aliyelitegemea: England 4-1, Argentina 4-0, kabla ya kusimamishwa na Hispania kwa kichwa cha Carles Puyol mjini Durban. Wakati mashindano yanaendelea Lahm akasema waziwazi kwamba hana mpango wa kukirudisha kitambaa kwa hiari yake.

Wengine waliona ni utovu wa adabu kumsemea hivyo mkubwa aliye majeruhi. Mimi naona alisema alichokuwa akikifikiri kila mchezaji mwenye kitambaa mkononi, tofauti ni kwamba yeye alikisema. Ballack hakuichezea tena Ujerumani.

Kwanini 2012 inatajwa kama mwaka wa machozi?

Kwa sababu fainali ya Ligi ya Mabingwa ilichezwa nyumbani kwa Bayern, tarehe 19 Mei 2012, na Bayern wakaikosa. Thomas Müller alifunga dakika ya 83, Didier Drogba akasawazisha kwa kichwa dakika ya 88, Arjen Robben akakosa penalti muda wa nyongeza, na Chelsea wakashinda kwa matuta. Lahm alipiga la kwanza na kumfunga Petr Čech. Haikusaidia. Mwezi uliofuata Ujerumani wakatolewa na Italia kwenye nusu fainali ya Euro, mabao mawili ya Mario Balotelli. Kabla ya hapo Lahm alikuwa amefungua ukurasa wa mabao kwenye robo fainali dhidi ya Ugiriki kwa shuti la mbali, lakini nani anakumbuka.

Magazeti ya Ujerumani yakaanza kuuliza kama kizazi hiki cha Lahm na Bastian Schweinsteiger kinaweza kushinda chochote kikubwa nje ya mipaka yao. Mwaka mmoja baadaye Bayern chini ya Jupp Heynckes waliwapiga Barcelona 7-0 kwa jumla ya mechi mbili za nusu fainali, wakawafunga Borussia Dortmund 2-1 pale Wembley tarehe 25 Mei 2013, wakachukua makombe matatu msimu mmoja. Swali likafa.

Pep Guardiola aliona nini hadi akamhamishia kiungo?

Guardiola alipofika Munich mwaka 2013 alishangazwa na kitu ambacho Wajerumani walishakizoea. Alisema hadharani kwamba Lahm huenda ndiye mchezaji mwenye akili kuliko wote aliowahi kuwafundisha, na huyo ni mtu aliyetoka kumfundisha Xavi na Andrés Iniesta. Kwenye Super Cup ya Ulaya dhidi ya Chelsea, Prague, Agosti 2013, akampanga Rafinha beki wa kulia na Lahm katikati. Tangu siku hiyo Lahm akawa kiungo mkabaji katika mechi nyingi.

Alichokiona Guardiola ni hiki: Lahm alikuwa anajua atafanya nini na mpira kabla haujamfikia. Kiungo mkabaji wa kawaida hupokea, hugeuka, halafu hutafuta mtu. Lahm alikuwa ameshageuza shingo kulia na kushoto, mguu wake wa kupokelea umeshaelekea upande pasi inakokwenda. Kwa hiyo mguso wa kwanza wenyewe ulikuwa umeshamuacha mkabaji nyuma. Hakuhitaji mbio wala misuli. Na akirudi kuwa beki wa kulia, Guardiola alimwambia asitambae na mstari, aingie ndani kando ya kiungo wakati timu ina mpira. Leo mabeki wanaoingia katikati wamejaa kila ligi. Wakati ule ilikuwa ajabu.

Kombe la Dunia 2014 alianza kiungo, mbona alimaliza beki?

Hili lilikuwa gomvi la taifa zima. Löw alienda Brazil na viungo wawili, Schweinsteiger na Sami Khedira, ambao walikuwa wametoka kwenye majeraha. Akaamua kumweka Lahm katikati na nyuma kupanga mabeki wa kati wanne, Jérôme Boateng kulia na Benedikt Höwedes kushoto. Ikapita hatua ya makundi. Lakini raundi ya pili dhidi ya Algeria, Porto Alegre, timu ilitapatapa vibaya. Algeria walikuwa wakipiga mipira mirefu nyuma ya ule ukuta mzito na Manuel Neuer akageuka beki wa tano. Kipindi cha pili Shkodran Mustafi, aliyekuwa beki wa kulia siku ile, akaumia, Khedira akaingia, na Lahm akarudi kwenye nafasi yake. Ujerumani wakashinda 2-1 muda wa nyongeza.

Hakuondoka tena kulia. Ufaransa 1-0. Kisha nusu fainali na Brazil, Belo Horizonte, tarehe 8 Julai.

Kila mtu anakumbuka 7-1, lakini itazame ile mechi kwa kumfuata Lahm peke yake. Kabla mambo hayajaharibika, Marcelo anaingia na mpira ndani ya kumi na nane ya Wajerumani na Lahm anateleza, anauchomoa mpira bila kumgusa mtu. Brazil wanadai penalti, mwamuzi anakataa, na marudio yanaonyesha yuko sahihi. Bao la tatu, dakika ya 24, linatokana na krosi yake ya chini: Müller anaikosa, inamfikia Toni Kroos, naye anaifumua. Bao la sita, dakika ya 69, ni yeye tena, anaingia kulia na kumpa André Schürrle mpira wa kusukuma tu. Siku tano baadaye Mario Götze akafunga dakika ya 113 dhidi ya Argentina, na nahodha mfupi akapanda ngazi za Maracanã.

Ni kweli hakuwahi kupata kadi nyekundu?

Kweli. Mechi 385 za Bundesliga (ligi kuu ya Ujerumani), 517 za mashindano yote akiwa na Bayern, 113 za taifa, na hakutolewa uwanjani hata mara moja. Kwa beki hiyo ni hesabu ya kustaajabisha, na nadhani ndipo siri yake ilipo.

Beki anayecheza rafu mara nyingi ni beki aliyechelewa. Amesimama vibaya, winga ameshapita, kilichobaki ni kumvuta jezi au kumkata miguu. Lahm alimaliza kazi yake kabla ya hatua hiyo. Tazama alivyosimama mbele ya winga: mwili upande, uzito kwenye vidole, hatua moja au mbili nyuma, anamwachia mtu njia ya nje na kumzibia ya ndani. Hamrukii. Anangoja ule mguso mmoja mrefu kidogo, mpira ukiuacha mguu wa winga kwa nusu mita, na hapo ndipo anapoingia, mara nyingi akiwa amesimama wima. Mtu mfupi ana faida katika mchezo huo, maana anageuka haraka kuliko jitu la mita 1.90.

Waliosema atasukumwa walikuwa wakifikiria mgongano wa mabega. Hawakufikiria kwamba anaweza kucheza miaka kumi na tano akiukwepa mgongano wenyewe.

Mbona aliachana na timu ya taifa akiwa na miaka 30 tu?

Alimwambia Löw asubuhi ya siku iliyofuata fainali, na Ujerumani ikatangaziwa tarehe 18 Julai 2014. Uamuzi alikuwa ameufanya kabla, katika msimu uliotangulia. Watu walilia, maana alikuwa na uwezo wa kucheza Euro 2016 bila shida.

Bayern nako alifanya vile vile. Februari 2017, baada ya mechi ya Kombe la Ujerumani na Wolfsburg, akasema mwisho wa msimu anatundika daluga, ingawa mkataba ulikuwa unaenda hadi 2018. Tarehe 20 Mei 2017 akacheza ya mwisho, Freiburg wakafungwa 4-1, akakabidhiwa sahani ya ubingwa wa nane. Mwaka huo huo akachaguliwa Mwanasoka Bora wa Ujerumani. Kuna wachezaji wanaosubiri kuambiwa wameshazeeka. Huyu aliwahi kuondoka kama alivyouwahi mpira.

Udhaifu wake ulikuwa nini?

Mipira ya juu, bila shaka. Timu zenye akili zilikuwa zinamwagia krosi nguzo ya mbali kumtafuta yeye. Mabao pia hakuwa nayo. Na mguu wa kushoto ulikuwa wa kutembelea zaidi kuliko wa kumwagia krosi.

Kuna pia usiku wa kuchekesha wa Aprili 2015, nusu fainali ya Kombe la Ujerumani na Dortmund. Matuta. Lahm anakwenda wa kwanza, mguu wa kusimamia unateleza, mpira unapaa. Xabi Alonso anafuata na kuteleza vile vile. Bayern walipiga penalti nne na kukosa zote.

Alichukua makombe mangapi?

Bundesliga 8, Kombe la Ujerumani 6, Ligi ya Mabingwa Ulaya 1 (2013), na Kombe la Dunia 1. Yapo na ya Super Cup na Klabu Bingwa ya Dunia ya mwaka 2013. Kombe la Ulaya kwa mataifa hakulipata.

Hakutamani kucheza nje ya Ujerumani?

Mwaka 2008 Barcelona walimtaka kweli na ilikuwa karibu. Akabaki, akaongeza mkataba. Ukifikiria kwamba huo ndio mwaka Guardiola alipoanza kuifundisha Barcelona, inabidi ucheke: wakakutana Munich miaka mitano baadaye.

Siku hizi anafanya nini?

Wengi walitarajia awe mkurugenzi wa michezo wa Bayern. Mazungumzo yalikuwepo, hayakufika popote, na nafasi hiyo akapewa Hasan Salihamidžić mwaka 2017. Lahm akaingia kwenye biashara, na akawa sura ya Ujerumani katika kuomba uenyeji wa Euro 2024. Septemba 2018 Ujerumani wakaishinda Uturuki kwenye kura, na Lahm akawa mkurugenzi wa mashindano hadi fainali ya Berlin tarehe 14 Julai 2024, Hispania 2-1 England.

Ana pia taasisi yake ya hisani aliyoianzisha mwaka 2007 baada ya kutembelea Afrika Kusini. Inasaidia watoto kwa elimu na michezo, huko Afrika Kusini na Ujerumani kwenyewe, ambako huandaa kambi za kiangazi.

Mwanangu anacheza beki wa pembeni. Nimwonyeshe mechi gani?

Usimwonyeshe video za dakika tatu zenye muziki, maana Lahm hakatiki vizuri vipande vipande. Mtafutie mechi nzima. Anza na Ujerumani na Ufaransa ya robo fainali 2014, mwambie amtazame Lahm wakati mpira uko upande wa pili wa uwanja: amesimama wapi, anaangalia nini, anasogea lini. Kisha fainali ya Wembley 2013, aone anavyogawana ile njia ya kulia na Robben, nani anapanda na nani anabaki. Akishazoea, mpe Uturuki ya 2008 na umwambie asubiri dakika ya 86 na ya 90.